Mwenzake wa Kibandani

Thon aliingia kwa magoti, kichwa kwanza, mbio kama mwizi wa kuku. Kibanda hicho cha Kiturkana kilijengwa katika bustani ya makumbusho, Lodwar, ili wageni wachungulie tu. Mlango wake mfupi, na yeye Mdinka mrefu ajabu.

Ee Mungu, siku zote hizi, lazima iwe leo!

Kwenye chumba cha mafuvu ya kale alikuwa ameona kilemba cha njano cha mama wa mchumba wake Aluel, kati ya akina mama wa kwaya kutoka kambi ya Kakuma. Hakungoja. Alizunguka bembea za watoto, akawapita ngamia wa kupandwa, akajitupa humu.

Kwao, posa isipokamilika, mkwe na mama mkwe hawaonani uso kwa uso. Ni aibu ya wote wawili. Na wajomba wa Aluel walikuwa wanatafuta kosa dogo tu, wamrudishie Thon ng'ombe wake wa mahari, msichana apelekwe mji wa Bor kwa tajiri mmoja.

Ndani giza. Pembeni ilikaa sanamu ya mwanamke, mgongo kwake, shuka kichwani, kibuyu mapajani. Afadhali, mwenzake hana mdomo.

Nje kwaya ilikusanyika palepale.

"Twende, gari inangoja!"

"Tutaendaje? Mtu moja bado!"

"Mtu gani tena?" Thon alinong'ona. "Si muondoke tu!"

Joto lilimchoma. Miguu ilikufa ganzi. Njia ya kutoka ilikuwa moja, nayo ameiziba kwa mwili wake.

"Mama," akaiambia sanamu, maana woga humsemesha mtu hata na kuni, "una bahati, wewe huna mama mkwe. Huyu wangu mdomo wake jenereta, haizimwi! Lakini amemlea Aluel vizuri. Nampenda huyo msichana mpaka naumwa. Nikimkosa, nimekwisha."

Nje mtu akaita kwa nguvu, "Mama Aluel! Uko wapi, wewe?"

Thon akabana pumzi. Sanamu ikavuta shuka, ikajifunika uso wote.

"Wewe kibuyu," ikasema polepole, imekiinamia, "mwambie huyo kijana nami nilimkimbia yeye, kwa njia ya mkato; afumbe macho, apishe mlangoni, mimi nipite. Na mwambie, jenereta haijaona mtu leo."