Kikombe Chenye Uzi Mwekundu

Siwema alikibwaga mezani kikombe chake, kile kilichofungwa uzi mwekundu ili mwingine yeyote asikinywee.

"Fungua uzi wako, mama," alimwambia mama mkwe wake. "Mwaka mzima nanyweshwa peke yangu kama mwenye ukoma. Daktari kasema madoa haya ya miguuni yanatokana na virusi vya ini, na kikombe hakiambukizi."

Bi Rukia alikuwa kwenye kigoda, amechovya nyayo kwenye beseni la maji baridi kama kila siku, maana zilimwaka moto. "Ini na miguu wapi na wapi?"

"Haviishii kwenye ini. Huweza kushika ngozi, figo, hata mishipa ya fahamu, nyayo zikawaka. Na hupita kwa damu." Siwema alivuta shingo ya gauni, makovu ya chale yakaonekana kifuani. "Wiki ya harusi yangu ulinipeleka kwa mganga wako. Tulichanjwa kwa wembe mmoja, mama. Na ulianza wewe."

Bi Rukia aliinamia beseni, akazitazama nyayo zake kama za mtu mwingine.