Libère Anakosea Tena

"Libère, usilale! Baada ya Koreshi, nani alitawala Waajemi?"

Mwalimu Nyanchama alikuwa amelala kifudifudi gizani, mdomo kwenye ufa wa zege, koo limejaa vumbi. Mvua ya wiki nzima ilikuwa imeporomosha kilima cha Bluff juu ya nyumba aliyokuwa akifundishia. Alikumbuka kishindo tu. Saa ya somo ilikuwa imefika, na Libère hachelewi kamwe.

Sauti ikaja kutoka upande wa pili, nyembamba, inatetemeka.

"Ilikuwa... rais, Mwalimu?"

"Rais! Rais gani, wewe? Kambisi, mwanawe! Ule ulikuwa ufalme!"

Machozi yakamtoka. Libère, mtu mzima mwenye mke, anayepakua makontena bandarini na kusoma chuo kwa posta, jana tu alikuwa akiyamwaga majibu haya bila kubabaika. Sasa akili inamtoka huku mwalimu wake anasikia. Kagongwa kichwa, aliwaza. Akinyamaza tu, amekwenda. Nitamwambia nini mkewe Laurette, na mapacha wao bado wananyonya?

"Majimbo yao yaliongozwa na nani?"

"Wanakuja, Mwalimu. Watu ya kuokoa wako njiani."

Maskini, alisema moyoni, kafukiwa na bado ananifariji mimi.

"Sikukuuliza hilo! Majimbo!"

"Machifu?"

"Maliwali! Na mfalme alituma watu wa kuwachunguza, wakaitwa macho ya mfalme! Ai, Libère, si tulirudia haya mpaka ukachoka?"

Miguu yake ilikuwa imekufa ganzi kwa kulala vile. Usingizi ukamjia, mtamu ajabu, akajichukia. Mwalimu gani anasinzia mwanafunzi wake anakufa? Lakini kope zilikuwa nzito. Akaegemeza shavu kwenye zege, kidogo tu.

"Mwalimu! Mwalimu! Wasasani walikuwa na bunge! Walipiga kura kila mwaka!"

Akazinduka. "Eish! Nani kakufundisha upuuzi huo? Bunge limekuja juzi, karne ya ishirini, watu walipomlazimisha Shah akubali katiba!"

"Na Shah iko mpaka leo."

"Aliondolewa!" Akakohoa, akatafuta pumzi. "Mwaka wa sabini na tisa. Sasa ni jamhuri... viongozi wa dini ndio..."

Hakumaliza. Giza likawa laini, likaanza kumchukua. Nisamehe, Laurette, aliwaza, nimeshindwa kumshikilia.

"Hapana, Mwalimu!" Sauti ile ilikuwa inalia kabisa sasa. "Wanaongozwa na malkia!"

"Malkia!" Hasira ikamletea pumzi ambayo hakujua bado anayo. "Nakupa sifuri! Unanisikia? Sifuri! Hufi na ujinga huo kichwani. Tunaanza upya. Koreshi..."

Mashine ikanguruma. Zege likatikisika, kisha mwanga ukamwagika machoni mwake, kutoka juu. Watu wenye kofia ngumu wakainua boriti iliyokuwa imelala juu ya miguu yake.

Juu ya kifusi alisimama Libère, koti la mvua mwilini, mkoba bado mgongoni, vidole vinavuja damu kwa kuchimba.

"Asilale," akawaambia wenye machela. "Mukiona anafunga macho, mumwambie Waajemi wanaongozwa na malkia."