Kamera Namba Mbili

Mama alivuta pazia la chumbani, akakutana na viatu viwili vya mwanamume. Vilikuwa vimesimama hewani.

"Wewe wa huko juu! Nyumba yangu unaipandia nini?"

Viatu vilishuka ngazi taratibu. Kikafuata kiuno chenye mkanda wa koleo na bisibisi, na mwisho uso wa kijana mwenye haya.

"Shikamoo, mama. Nimegonga mlango mpaka nimechoka. Mimi fundi wa kamera, nimetumwa na mwanao."

"Marahaba. Kamera za nini? Nina cha kuibiwa mimi?"

"Anasema anataka awe anakuona."

Mama akakaa kitandani. Hakuwa amefungua mlango kwa sababu kifundo cha mguu wake kilikuwa kimevimba kama puto. Juzi alipanda juu ya stuli apanguse taa. Stuli ikaenda huku, yeye akaenda kule. Na mwanawe alikuwa amekwisha kusema wazi: akianguka mara moja tu tena, anakuja kumchukua wakakae wote mjini.

"Ghorofa ya tisa, baba," alimwambia fundi baada ya kumfungulia mlango kwa kurukaruka na mguu mmoja. "Uwanja wao ni kibaraza cha kuanikia soksi. Hapa kila siku saa moja asubuhi nafagia, nasalimiana na watu. Kule nitafagia nini? Mawingu?"

"Na mguu huo, umemwona muuguzi? Kasemaje?"

"Siku saba nisiukanyagie. Mwanangu akinikosa uwanjani hata siku moja, keshokutwa yuko hapa na sanduku."

Fundi alijikuna kichwa. Alikuwa na cheti cha chuo ambacho wino wake haujakauka vizuri, na kesho yake, saa hiyo hiyo ya kufagia, alitakiwa kuanza kazi yake kubwa ya kwanza: kamera kumi na sita za shule. Lakini alikuwa na moyo laini kama mkate uliolowa chai.

"Sikiliza, mama. Kwa siku saba mwanao hatauona mguu huo. Nakuahidi."

Mama akachangamka. Tangu dakika hiyo akawa mshauri wa kazi. Fundi alivuta waya kutoka kila kamera, akaupitisha juu ya dari mpaka sebuleni, akauchomeka kwenye rekoda iliyokaa chini ya televisheni.

"Mbona kamera zenyewe hazina plagi?" Mama aliuliza.

"Waya mmoja unatosha. Unapeleka umeme kwenye kamera, na unarudisha picha kwenye rekoda."

"Kwa hiyo huo mmoja ukilegea, kamera imekufa?"

"Imekufa."

Mama akatazama mlangoni, akashusha sauti. "Mwanangu, ulegeze."

"Siwezi, mama. Mwanao ametaka kuona. Kamera niliyoifunga mimi lazima ione."

"Basi igeuzie kwenye mti."

"Mti hauhitaji kamera."

Kamera ya kwanza ikaonyesha picha, ya pili nayo, ya tatu, ya nne. Ghafla zote zikazimika. Fundi akapanda ngazi, akakagua kila kichwa cha waya, akashuka, akapanda tena. Jasho likamtoka. Aliporudi sebuleni akakuta rekoda imechomolewa. Kwenye soketi yake kulikuwa na birika la umeme, na Mama akilitazama kama mtu aliyelikuta hapo.

"Nilidhani unataka chai," alisema.

Jioni kazi ikakamilika. Kamera nne, zote za nje. Namba mbili, iliyokaa pembeni mwa paa, iliona uwanja wote kuanzia geti mpaka ngazi za mlango, hata ufagio ulioegemea ukuta ulihesabika vijiti. Kwenye simu, mwanawe alishangilia kama aliyefunga goli.

"Umeniuza," Mama alimwambia fundi simu ilipokatika. "Uso wote huo wa huruma, kumbe umeniuza."

Fundi akamwinamia, akamnong'oneza maneno machache. Mama akamtazama kuanzia utosini mpaka kwenye visigino, kama fundi cherehani anayekisia kitambaa kitatosha au hakitoshi. Kisha akacheka mpaka akausahau mguu, akaukanyagia, akapiga yowe.

Kesho yake asubuhi, saa moja na robo, simu ya fundi iliita. Alitazama kioo kwanza. Shule walikuwa wamekwisha kupiga mara tatu. Huyu alikuwa mtoto wa Mama.

"Fundi! Kazi yako nimeikubali. Picha safi, kama niko hapo hapo uwanjani!"

"Nashukuru, kaka," fundi alijibu kwa sauti ya chini.

"Nikwambie ukweli, jana nilikuwa na wasiwasi. Mama alikuwa anaongea kama mtu anayeficha jambo. Nikasema huyu ameanguka tena, nikaanza kutafuta tiketi. Kumbe mzima wa afya! Amefagia uwanja wote, ameinama, ameinuka, ndoo ya maji kaibeba kwa mkono mmoja. Miaka mingapi sijamwona na nguvu hizo!"

"Mungu mkubwa, kaka."

"Tiketi naachana nayo. Acha akae kwake. Ila ngoja kidogo, fundi. Hapa kwenye namba mbili naona ameacha kufagia. Kasimama katikati ya uwanja, kashika simu sikioni. Anaongea na nani asubuhi yote hii?"

Fundi alikivuta kitambaa cha maua mpaka kwenye nyusi, akalishusha gauni lililomwishia magotini, akaigeuzia kamera mgongo.

"Sijui, kaka," alisema, akauokota ufagio. Zilibaki siku sita.