Jina Asilolitaja Suad

Lata alifunga dirisha kwanza, makelele ya soko la Tottenham, London, yakabaki nje, ndipo akalitaka lile jina kwa mara nyingine.

Suad hakulitoa.

Alikuwa amekaa mbele ya meza ya msimamizi wake, mikono ameipakata, mtandio umemteleza hadi mabegani na yeye hana habari nao. Alikuwa mwanafunzi wa shahada ya pili ya ustawi wa jamii, anasomea afya ya vijana na namna ya kuwakinga na uraibu. Mafunzo yake ya vitendo alikuwa akiyafanyia hapa kituoni, na yalikaribia kwisha. Alasiri hii yalielekea kuishia pabaya.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Kituo kilikuwa kikimtuma Suad kwenda kuzungumza na vijana katika shule za London. Katika shule moja ya ng'ambo ya mto, msichana wa kidato cha sita alibaki darasani wenzake walipotoka, akajifanya anatafuta kalamu. Kisha akasema, bila kuinua uso, kwamba anameza vidonge vya usingizi vya mama yake. Alianza wakati wa mitihani. Sasa hapati usingizi bila hivyo, na hata mchana mwili unavidai.

Suad hakumhubiria. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaandamana naye kwa daktari, na matibabu yakaanza. Msichana aliomba jambo moja tu: mama yake aisikie habari hii kutoka kinywani mwake mwenyewe, si kwa mtu mwingine. Daktari alisema umri wake unamruhusu kuamua hivyo. Suad akamwahidi.

Leo, katika kikao chao cha kazi, alikuwa amekieleza kisa hicho bila kutaja jina, kama alivyofundishwa chuoni. Lata akaja juu.

Lata hakuwa mtu mbaya. Alizaliwa Mombasa, baba yake akiwa muuza vitambaa, na hata baada ya miaka mingi ya kuishi Tooting, ng'ambo ya mto, Kiswahili chake kilikuwa bado cha pwani. Ni yeye aliyempokea Suad kituoni wakati wengine walipomwona mtu mzima mno, mjane aliyetoka kuogesha wazee kwenye nyumba za kulelea, anayetaka kuanza upya darasani. Ndiyo maana maneno yake ya leo yaliuma.

Alisema mzazi wa msichana lazima aitwe leo leo. Alisema hajapata kuona mtoto akiharibika bila mzazi kufumba macho. Watu wa namna hiyo, alisema, hufaa kuketishwa kwenye kiti hicho hicho alichokalia Suad na kuambiwa ukweli wao.

"Mama gani huyo," aliuliza, "dawa zake zinapungua ndani ya nyumba yake na yeye hajui?"

Suad alijibu kwamba huenda ni mama anayefanya kazi kupita kiasi, anayerudi nyumbani amechoka hoi.

"Kazi tunafanya sote. Usimtetee."

Halafu Lata akashusha sauti, na hapo ndipo Suad alipojua kwamba hatanii. Alisema bila jina hilo ataandika kwamba Suad ameshindwa mafunzo. Asiyefaulu mafunzo hapati shahada. Suad atarudi kule kule alikotoka, na watoto wake pale Kilburn, waliokwisha kuwapigia simu jamaa wote kuwaambia mama yetu anahitimu, watajua la kuwaambia.

Suad alimfikiria ndugu yake, Jaffar. Unga ulipomnasa, mtu mmoja mwenye nia njema alilitaja jina lake barazani, mbele ya wanaume wa mtaa mzima, kabla Jaffar hajapata ujasiri wa kumwambia mama yao. Alikuwa amekusudia kusema. Alikuwa akitafuta siku tu. Baada ya hapo aliona haya hata kupita mlangoni kwao, akahama mji, na wakaja kuletewa habari za kifo chake na watu baki.

Hofu ikamtoka. Kilichobaki kilikuwa kigumu na baridi.

"Bi Lata," alisema, "niangushe. Andika unavyotaka, na mimi nitatia sahihi chini yake. Lakini mtoto yule alinipa siri yake huku anatetemeka. Siiuzi nipate cheti."

Lata alimwambia basi na akisahau cheti hicho. Aache kadi yake ya mlango mezani, aende nyumbani.

Suad aliivua kadi shingoni, akaiweka mezani. Hakulia, hakuomba radhi. Alisimama wima na kumwambia kwamba hata akiitwa kesho mbele ya wakuu wote wa kituo, na chuo kizima kikiwa kimeketi, jibu lake halitabadilika.

Akafungua mlango.

Yule msichana alikuwa amesimama ukumbini, na sare yake ya shule, macho mekundu. Kuta za ofisi zile ni nyembamba. Alikuwa amesikia mengi. Suad alimtikisia kichwa taratibu kumjulisha kwamba hakusema kitu, kwamba bado anaweza kugeuka na kwenda zake.

Msichana alikuwa amekuja na neno lake, hakugeuka. Alimshika Suad mkono, akaingia naye ofisini, akasimama mbele ya meza.

"Mama," alimwambia Lata, "ni mimi. Vile vidonge ni vyako."