Vita vya Kasonde na Mbelgiji

«Mupige, Kasonde! Mupige na maneno, akikataa mupige na kiti!»

Baa ya Mama Chanda mtaani Bel-Air ilifurika hadi mlangoni. Lubumbashi ilikuwa imeisubiri sana siku hii: Kasonde wa gazeti la hapa na Liévin wa gazeti la Bruxelles, uso kwa uso.

Ugomvi wao ulikuwa juu ya madeni ya nchi. Liévin aliandika kwamba Zaire imefilisika kwa sababu Mzaire huazima suti ya kwenda kuomba mkopo, kisha huomba mkopo mwingine wa kuifulia. Mji mzima ulikasirika, na mji mzima ukalinunua gazeti. Kasonde akajibu kwamba Mbelgiji hutukopesha ili tununue mashine zake mbovu, na mgeni akibisha hodi, huficha jibini chini ya kitanda. Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Aliyajulia wapi, mtu ambaye safari yake ndefu kabisa ni ya kwao Kilwa, kando ya ziwa? Hakuna aliyejali.

Ila leo Kasonde alikuwa na hofu kwelikweli. Mkurugenzi wake, citoyen Mulenga, yaani mwananchi Mulenga kama serikali ilivyotaka watu waitwe, alikuwa amemwambia wazi: «Kesho asubuhi nataka article ya kupasula. Kama hakuna, urudie kwenu Kilwa, ukauzishe samaki.» Na kichwani hakuwa na hata neno moja.

Liévin alipoingia tu, watu wakawakamata wote wawili, wakawasukuma kwenye chumba cha nyuma penye makreti ya bia. Mama Chanda akafunga kwa ufunguo.

«Atatoka mutu moja tu!» akatangaza, na baa nzima ikapiga makofi.

Ndani, Kasonde alipiga kreti teke, chupa zikalia. Liévin akapiga yowe. Nje wakashangilia kama timu yao imefunga bao.

Kisha wale wawili wakakaa juu ya makreti, magoti yakigusana, wakatoa kalamu.

«Fanya mbio, mon cher, rafiki yangu, bantu batavunja mulango,» akanong'ona Kasonde. «Leo unanipatia nini?»

Liévin alifikiri kidogo, mabega yakimtikisika kwa kicheko. «Mama yangu. Andika: akikuita kula, anahesabu viazi mbele yako, halafu anakuambia ulete chumvi.»

«Muzuri sana!» Kasonde akaandika huku akifuta machozi. «Na weye andika. Mujomba yangu Ngosa, juzi, alikopa mbuzi ya matanga, na hakuna mutu alikufa.»