Waliobisha Mno

Moshi mweusi ulitanda juu ya soko la mitumba, na magari ya zimamoto yalikwisha kuondoka kituoni kwenda huko. Lakini kwenye skrini ya kituo halikuingia ombi hata moja la kuonyesha nani amekwama wapi.

"Soko zima linaungua na hakuna anayetuita?" alifoka Mzee Kitwana, mkuu wa zamu.

Raya, fundi wa kompyuta wa kituo, aligeukia kompyuta yake. Chujio la mtandao aliliweka yeye, baada ya wahuni kukifurisha kituo kwa maombi ya uongo. Anwani ya mtandao iliyotuma maombi mno ilifungiwa dakika kumi. Alifungua kumbukumbu za chujio, akaona kosa. Soko lote lilitumia intaneti moja, hivyo anwani moja, na kila waliporudia kuomba, dakika kumi zilianza upya. Alitaka hivyo mwenyewe: anayebisha mno akomeshwe.

"Ling'oe lote!" aliamuru Mzee Kitwana alipoelezwa.

"Nikiling'oa, mzee, wahuni watatuzamisha, na hao wa sokoni hatutawasikia."

Raya aliifuta ile kanuni ya kuanza upya, akaifungulia anwani ya soko.

Skrini ikajaa. *Tuko ghala la nyuma. Mlango haufunguki. Mbona hamjibu?*

"Ghala la nyuma!" Mzee Kitwana alipaza sauti kwenye redio. "Vunjeni mlango!"

*Bado tuko,* likasema ombi jingine.

Kisha kimya. Raya akalitazama chujio upya, akiomba liwe ndilo lililowafungia.

Lilikuwa wazi; halikuzuia ombi lolote.