Mkia Ulioandikwa Kitabuni

Asubuhi moja ya ukungu, Chura alifika kwenye sebule ya wanachama wa bwawa. Wiki yake ya mwaka, ile moja anayoruhusiwa kukaa humo, ilikuwa imeanza, na ngozi ilikuwa inamkauka.

"Kitabuni una mkia," alisema Kiwavi, mlinzi, akifunua kitabu cha majina kilichokaa mlangoni. "Wewe huna."

"Bwana mlinzi, nilijiandikisha nikiwa kiluwiluwi! Ni mimi."

"Sheria ni sheria." Kiwavi akajisokotea kifuko cha hariri katikati ya mlango, akalala.

Chura akabaki nje, akiishi kwa umande. Siku ya saba kifuko kilipasuka, akatoka kiumbe mwenye mabawa. Chura akafungua kitabu.

"Kitabuni mlinzi ana miguu kumi na sita. Wewe una sita."

"Lakini ni mimi!"

"Ndivyo nilivyokwambia," Chura alisema, akampisha.

Wakaingia pamoja. Wiki ya Chura ilikuwa imebakiza jioni moja.